Fungate ya Barabarani: Mwambao Wote au Vituo Vitatu?

BWANA HARUSI: Likizo yangu ni siku kumi, na nyingine kama hii siioni karibuni. Nataka tuupande mwambao wote kwa gari. Tutoke Dar es Salaam, twende Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga. Tuvuke mpaka Horohoro. Tushike Diani, Mombasa, Kilifi na Malindi, tumalizie Lamu. Sisi watu wa pwani tunajigamba kuwa ni ndugu kuanzia Kilwa mpaka Lamu, lakini wengi wetu miji hiyo tunaisikia kwenye taarabu tu. Nataka niione na mke wangu, tukiwa wawili, kabla ada za shule hazijaanza.

BI HARUSI: Vituo tisa ukiacha mpaka, siku kumi, na siku ya kurudi hujaitaja. Kila asubuhi kufunga mabegi, kila jioni kuulizia chumba. Mume wangu, mimi natoka kwenye miezi ya vikao, michango, kadi, sare na mafundi cherehani. Nataka vituo vitatu: Bagamoyo, Ushongo kule Pangani, na Tanga mjini. Nikae mahali mpaka muuza madafu anijue. Lamu itakuwa na mwaka wake.

SOMO: Wanangu, nyote mnaanzia barabarani. Mimi naanzia chumbani. Fungate tulivyoirithi ni siku saba za ndani. Bibi harusi hatii mkono jikoni. Analetewa supu, analetewa kuku wa nazi, anaogeshwa, anasingwa, chumba kinafukizwa udi asubuhi na jioni. Bwana naye hatoki hovyo kwenda barazani. Waliotutangulia waliona mbali: wawili hawa wazoeane bila kuulizwa chochote na mtu yeyote. Barabara inauliza kila saa. Tule wapi, tulale wapi, mafuta yanatosha, nani kakosea njia. Mnataka maamuzi yenu ya kwanza ya ndoa myafanye mmechoka, jua liko utosini?

BWANA HARUSI: Kwa heshima zote, Somo, fungate ile ilikuwa na nyumba. Sisi tumepanga vyumba viwili Mbagala, na nyuma ya ukuta kuna jirani na redio yake. Wageni wa harusi hawajarudi kwao, wapwa wanaingia na kutoka. Ndani gani utakayonifungia? Faragha yangu iko kwenye gari, milango ikishafungwa.

SOMO: Faragha ya gari lenye dereva?

BWANA HARUSI: Naendesha mwenyewe.

DEREVA: Hapo kaka niruhusu niingie, maana njia hiyo naijua. Dar mpaka Tanga kwa kupitia Segera ni kama kilomita 350. Tanga mpaka Mombasa weka 180. Mombasa mpaka Malindi 120. Malindi mpaka Mokowe, ambako gari linaishia na Lamu inaanzia, ni 220 na ushee. Kwenda peke yake unakaribia 900, na kurudi ni nyingine hizo hizo. Kila kijiji kina matuta, kwenye makazi mwendo ni 50 na trafiki wamekaa na tochi, na nyuma ya lori huna haraka. Usitegemee wastani wa zaidi ya kilomita 55 kwa saa. Ni saa 32 na zaidi za usukani, bado sijahesabu foleni ya kutoka Dar wala mpaka. Mchana wa siku kumi ni saa 120. Umeshatoa zaidi ya robo, na saa zote hizo mkeo anakuona ubavu.

BWANA HARUSI: Bado nimebakiwa na karibu robo tatu.

DEREVA: Sehemu kubwa ya hizo utailala. Mtu aliyeendesha saa tano juani, ikifika saa mbili usiku macho yamefumba. Maharusi mimi huwaambia hivi: gari lisizidi saa tatu kwa siku, na liwe limezimwa kabla ya saa nane mchana. Baada ya siku ya safari ifuate siku ambayo gari haliwashwi kabisa. Na usiku msitembee. Kuna baiskeli zisizo na taa, kuna mbuzi, kuna lori limekufa katikati ya njia na alama yake ni matawi ya mti tu, unayaona ukiwa umeshafika.

BI HARUSI: Tena kwa nini aendeshe yeye peke yake? Leseni ninayo.

BWANA HARUSI: Bibi harusi, hina bado mbichi mikononi, kashika usukani, bwana harusi kakaa kushoto anatazama dirishani? Wanaotuona pale Segera watasema nini?

BI HARUSI: Watasema wameona gari. Mimi nina jambo kubwa kuliko la Segera. Anayeshika usukani ndiye anayeamua pa kusimama. Nikiona wanawake wanauza machungwa Muheza na nikataka tushuke, itabidi nikuombe. Nikiona njia ya mchanga inayoteremka baharini, nitakuonyesha kidole na wewe utasema tumechelewa. Siku kumi za kuomba kusimama sizitaki ziwe mwanzo wa nyumba yangu.

SOMO: Mwanangu, nakusikia, lakini kuendesha ni kazi. Wiki ile hutakiwi kufanya kazi.

BI HARUSI: Kukaa nikipelekwa nako kuna uchovu wake, Somo. Wewe umekuwa ukipeleka wanawake maisha yako yote. Nani aliwahi kukuendesha?

SOMO: Hapo umenigusa. Endesha, lakini nipeni siku mbili za kwanza. Ukumbini mtatoka saa saba usiku, nywele zimekaza, miguu imevimba kwa viatu. Mkiingia barabarani asubuhi ile mtakuwa mnatoroka. Siku mbili mkae, mle, mlale, mzungumze. Nyumba ya Mbagala kama ina kelele, kwangu kuna chumba cha uani. Siku ya tatu nitawafungia chakula cha njiani kwa mkono wangu.

BWANA HARUSI: Siku mbili kati ya kumi, Somo! Hiyo ni Malindi nzima.

SOMO: Na Tanga je? Shangazi yako yuko Ngamiani. Ndiye aliyepeleka posa. Mtapita mjini kwake, mlale hotelini, msimpigie hodi?

BI HARUSI: Tukipiga hodi hatutoki. Kitaanza chakula cha mchana, waitwe majirani waje kumwona bi harusi, kisha tuulizwe mnalala wapi na nyumba mnayo hapa, watoto wahamishwe, kitanda kitandikwe shuka mpya. Shangazi nampenda kweli. Lakini najua Tanga yangu itakwisha nimekaa mkekani na kanga ya kichwa, najibu maswali ya watu nisiowafahamu, na mume wangu yuko barazani na wanaume.

BWANA HARUSI: Sasa tazama mpango wa nani una nafuu. Wewe unataka ukae Tanga siku tatu. Kwa siku tatu mjini kwake utamkwepaje? Mimi napita nusu siku: tunasalimu, tunakunywa chai, tunasema tunawahi mpaka. Mtu wa safari husamehewa. Aliyekuja kupumzika mjini kwako halafu asikutembelee hana la kujitetea.

MWANDISHI: Nakatiza kidogo, kwa sababu jambo la shangazi si dogo hata kidogo. Matangazo ya fungate huonyesha wawili kwenye ufuko mtupu. Mwambao wetu si mtupu. Kila mji una mjomba, mkwe, mtu mliyesoma naye madrasa. Anayepanga safari hii kwa ramani na bei za hoteli peke yake ataikuta nusu ya safari imeshapangwa na watu wengine. Shangazi apewe siku gani, na nani amwambie?

DEREVA: Apewe siku ya kurudi. Mnarudi na mzigo wa zawadi, mnapumzika kwake kabla ya safari ndefu.

SOMO: Na wakati wa kwenda wawe wamejificha wapi? Tanga watu wanajuana. Mtaonekana barabara ya Raskazone jioni, kabla ya Isha habari iko Ngamiani.

BI HARUSI: Basi apigiwe simu mapema, na apigiwe na mpwa wake. "Shangazi, tunafika kwako Alhamisi mchana, jioni tunaendelea." Asifichwe kitu.

SOMO: Shangazi hapangiwi saa ya kuondoka kwa mgeni wake.

BI HARUSI: Somo, tukishindwa kumpangia shangazi saa moja, tutampangia nini baadaye? Jina la mtoto?

BWANA HARUSI: Simu nitapiga mimi. Hilo nalikubali, ingawa najua nitakayoambiwa.

NAHODHA: Mimi nawasikiliza, mnahesabu siku za kazini na saa za gari. Baharini kuna hesabu nyingine. Bi harusi ametaja Ushongo, bila shaka anataka Maziwe. Kisiwa kile zamani kilikuwa na mivinje juu yake. Kiliwekwa hifadhi mwaka 1975, na miaka michache baadaye bahari ikakila, miti ikaenda. Siku hizi ni fungu la mchanga, maji yakijaa linazama. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa saa kumi alasiri. Ukitoka Ushongo saa mbili, unalikuta fungu limejianika, jeupe, kaa wanakimbia mbele ya mguu wako. Unavaa miwani, unazama pembeni kwenye matumbawe, na maji yakigeuka unarudi nayo. Siku za maji mafu hesabu inapinduka: kupwa kunakuwa alasiri, na maji hayaendi mbali. Anayekuja kulala usiku mmoja, akakuta maji si yake au upepo umeshika, ataondoka ameangalia mashua yangu tu.

BWANA HARUSI: Kwa hiyo?

NAHODHA: Kwa hiyo usiku tatu, la sivyo msije kwa ajili ya Maziwe. Njooni kula samaki.

BI HARUSI: Hiyo ndiyo hoja yangu, sikuwa na maneno yake. Bahari haitungoji.

BWANA HARUSI: Nahodha, usiku tatu kila mahali na siku kumi zinaishia Pangani. Na kama harusi yangu imeangukia maji mafu?

SOMO: Harusi za kwetu zilipangwa kwa mwezi. Mkioa mwezi kumi na moja au kumi na mbili, mkakaa siku zangu mbili ndani, mkalala Bagamoyo, mnafika Ushongo mwezi kumi na tano au kumi na sita. Hapo nahodha ana bamvua lake na nyinyi mna mbalamwezi.

DEREVA: Mwezi peke yake hautoshi, Mama, tazameni na mvua. Mwaka 2026 Idi ya kumaliza Ramadhani imeangukia Machi. Anayeoa baada ya Idi, kama ilivyo desturi, anaingia barabarani na masika. Ile njia ya Saadani ina udongo mweusi. Ukishiba maji, gari dogo halipiti na kubwa linapita kwa kuomba. Na hata kiangazi, hifadhini usiku hairuhusiwi kutembea na gari, kwa hiyo ukichelewa kutoka Bagamoyo umejiharibia. Aprili na Mei mimi nisingewaambia maharusi wafuate pwani. Wakamate lami ya Msata na Segera, washukie Tanga, Pangani waende kutokea kaskazini. Kutoka Tanga ni kama kilomita 50 tu.

NAHODHA: Na Juni mpaka Agosti kusi inavuma. Anga safi, jua halichomi, lakini nje ya mwamba kuna mawimbi, bi harusi atapika. Wakati mzuri ni maleleji, Septemba kwenda Oktoba, kusi imelegea na vuli haijashika. Au Januari na Februari, kaskazi, joto kali lakini maji unaona mpaka chini.

BWANA HARUSI: Sasa nisikilizeni na mimi, kwa sababu naonekana mtu wa haraka tu. Mnataka nigeukie Tanga. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kuchora mstari kuanzia mdomo wa mto Umba mpaka Ziwa Victoria, hawakumuuliza mtu. Wadigo wako Tanga na Wadigo wako Kwale. Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Vanga, akaolewa Tanga, na ndugu zake waliobaki upande ule mimi sijawaona. Sipandi kwenda kaskazini kwa ajili ya picha. Nikisimama Horohoro na kupita, nataka mke wangu awe ubavuni mwangu. Hiyo ndiyo fungate niliyoiwaza tangu nilipopeleka posa. Nikiigeuzia Tanga nitakuwa nimefika mlangoni nikarudi.

BI HARUSI: Hilo la bibi yako Vanga hukunieleza hata siku moja.

BWANA HARUSI: Tulikuwa kwenye vikao vya michango. Nani angesikiliza?

BI HARUSI: Mimi. Ulinitajia Lamu, Malindi, Kilifi, ukataja majina kama kondakta wa basi, na hili ukaliweka mwisho. Vanga iko hapo tu ukishavuka. Nipe hilo mwanzoni, nami nitapunguza. Lakini na mimi nina langu. Hizo kilomita 50 za Pangani na Tanga unazozipita kwa saa moja, mimi nataka siku nzima. Pangani ndipo walipomnyonga Bushiri bin Salim mwezi Desemba 1889, na watu wanavuka pale kwenda sokoni bila kujua. Mbele kuna magofu ya Tongoni. Pale kuna makaburi yenye nguzo, na kwenye mawe unaona mashimo ya mviringo, zilipopachikwa sahani za kauri kutoka Uchina, sahani zimeshabanduliwa, duara limebaki. Nilisimama pale na wanafunzi nikiwa mwalimu wa mazoezi, basi likapiga honi, tukaondoka. Mbele tena ni Machui, kwao Shaaban Robert. Hivyo vyote kwenye kipande ambacho katika ramani yako hakina hata jina.

DEREVA: Mnaona sasa, kila mmoja ana kipande chake, na vyote viwili ni vifupi. Lamu haina mtu aliyeililia hapa.

BWANA HARUSI: Niliililia mimi.

DEREVA: Uliililia kwa kuwa iko mwisho wa ramani, kaka. Na ile barabara ya Garsen kwenda Mokowe imewahi kushambuliwa, mpaka magari yakawa yanasindikizwa na askari. Lamu ina hadhi yake, UNESCO waliiandikisha mwaka 2001, magari hayaingii, watu kwa miguu na punda kwa mizigo. Mji wa namna hiyo unautendea haki ukienda kwa ndege na kukaa wiki. Ukifika umechoka kwa siku nane za gari, ulale usiku mmoja na kugeuza, umeuona nini?

BWANA HARUSI: Sawa. Lamu naiondoa. Malindi na Kilifi naziondoa pia, na haziniondoki kirahisi. Vanga na Mombasa zibaki. Tuhesabu: siku mbili za Somo, moja Bagamoyo, tatu Ushongo, moja Tanga ikiwa na Tongoni na shangazi ndani yake, mbili za Vanga na Mombasa, moja kurudi. Kumi.

BI HARUSI: Tongoni na shangazi siku moja?

BWANA HARUSI: Asubuhi Tongoni na Machui, mchana Ngamiani. Na kutoka Tanga mpaka Lunga Lunga, ng'ambo ya Horohoro, unaendesha wewe.

DEREVA: Gari si lenu, kwa hiyo kadi ya gari iwe mkononi, barua ya mwenye gari, na bima ya kadi ya njano. Nyinyi wenyewe pasi na cheti cha homa ya manjano. Wengi hukwama kwa hicho cheti. Lakini hesabu yako ina tobo, kaka. Mombasa mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 500 na mpaka katikati, umeiweka siku moja. Ni saa kumi na zaidi. Ile siku itakula utamu wa siku zote tisa, na kesho yake uko kazini.

BWANA HARUSI: Basi turudi kwa ndege. Wewe upande basi uje Mombasa, ulirudishe gari. Hivyo hatuna mtu wa tatu njiani na hatuna siku ya kurudi ndefu.

DEREVA: Nalipwa siku mbili, nauli na chakula. Mimi sina neno.

BI HARUSI: Tiketi mbili za ndege, na dereva, na nauli ya basi. Hela hiyo inatoka wapi?

BWANA HARUSI: Ile ya kitanda.

SOMO: Kitanda? Mnarudi kutoka fungate mnalala chini?

BWANA HARUSI: Godoro lipo, Somo. Au nirudishieni siku zenu mbili za mwanzo, nirudi kwa gari polepole nikilala Tanga, kwa shangazi, kama mnavyotaka. Chagueni.

SOMO: Siku zangu sizitoi. Na kitanda nilishamwambia fundi akate mninga.

BI HARUSI: Na mimi usiku wa tatu wa Ushongo siutoi, nahodha amesema kwa nini. Somo, mpigie fundi, umuulize kama atangoja miezi miwili. Wewe mume wangu, ulizia bei ya tiketi leo, usiniambie kwa kukisia. Tuziweke bei zote mbili mezani, ndipo nitasema.